Aisha Alipopanda Ulingoni Mutindwa

Aliyeshika pedi, awe mvulana au msichana, alimtafuta Aisha kwanza. Wengine kwenye orodha waliitwa Reiko, Dixie, Candy Cane, Anesthesia, majina ya mbali ambayo kila mtu aliyatamka kivyake. Jina la Aisha halikumpa mtu taabu. Lilikuwa jina la Pumwani Majengo, la Eastleigh, la binti wa nyumba ya tatu. Alikuwa mweusi kama sisi, aliingia ulingoni akisakata densi, na akishinda alisimama pale kama mtu aliyejua tangu asubuhi kwamba atashinda. Wajapani walimuumba kuwa Mmarekani. Huku Eastlands, Nairobi, alipewa mtaa siku ile ile aliyofika, na kilichobaki kubishaniwa kikawa ni mtaa gani.

Gemu yenyewe inaitwa Rumble Roses. Kampuni ya Konami iliitoa Marekani Novemba 2004, kisha Japani na Ulaya Februari 2005, ichezwe kwenye PlayStation 2. Ni mieleka ya wanawake, wala hakuna mwanamume anayekanyaga ulingo. Wako 11, na kila mmoja ana nafsi ya pili iliyojificha: mwema ana upande wake muovu, muovu ana upande wake mwema. Kuna mwalimu wa shule, kuna ninja, kuna nesi wa kuogofya, kuna mchunga ng'ombe wa Texas, kuna binti wa nyika za Mongolia, kuna mwanamke aliyeundwa kwa mitambo. Kila kitu humo kimezidi: mavazi, nywele, vicheko, viapo, muziki wa kuingilia. Watu wazima wengi walioitupia jicho waliona takataka. Mimi niliona kitu kizuri sana, bado nakiona hivyo, na leo nataka kukitetea mbele ya wasomaji wa Jumamosi.

Ili mtu aelewe ilivyotufikia ni lazima akijue kibanda. Mtaa wetu wa Umoja One ulijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani, nyumba ndogo za safu ambazo wenyewe wangeziongeza vyumba kadiri mifuko ilivyoruhusu. Wakaziongeza kwelikweli. Kufikia miaka ya 2000 nyua zilikuwa zimemezwa, na vyumba vilivyotazama barabara vimegeuka kinyozi, saluni, duka la mboga, fundi viatu. Kati ya hivyo, karibu na soko la Mutindwa, kulikuwa na chumba chenye pazia zito mlangoni la kuzuia jua lisipige kioo cha televisheni. Ndani, benchi la mbao ukutani hadi ukutani. Mbele, televisheni na PlayStation zimefungiwa kwenye kisanduku cha waya na kufuli, pedi mbili tu zikining'inia nje. Kadi ya memori ilikaa kwa mwenye gemu, kwenye kopo, na aliyeiomba alilazimika kueleza anakwenda kuhifadhi nini.

Sheria zilikuwa chache na hazikuandikwa popote. Unalipa kabla ya kushika pedi. Mshinde anatoka, anayefuata anaingia. Stima ikipotea katikati ya mechi, pesa zako zinakungoja hadi irudi. Watoto wenye sare za shule hawaingii kabla ya saa kumi, maana chifu akipita na kuwakuta ni kibanda kinachofungwa. Na Winning Eleven ndiyo iliyotawala: kandanda mchana, kandanda jioni, vijana wa benchi wakiwa tayari kupigana kwa ajili ya Adriano wa Inter Milan ambaye mguu wake wa kushoto ndani ya gemu hiyo haukuwa na dawa. Mieleka ilipata nafasi yake asubuhi za Jumamosi, wakati wa likizo, na pale ambapo wakubwa walikuwa wamekwenda City Stadium au Camp Toyoyo kutazama mpira wa kweli.

Wasichana tulikuwa wachache humo. Mimi nilipata mlango kwa sababu ya binamu yangu, ambaye mama yake alimwambia asiniache peke yangu nyumbani. Nilikaa mwisho wa benchi na mkate wangu, nikatazama. Mieleka iliyokuwepo wakati huo ilikuwa ya WWE, hasa SmackDown ile ya 2003 iliyoitwa Here Comes the Pain, ambayo hadi leo wapo watu wazima wenye mvi Kayole na Dandora wanaoapa kwamba haijatengenezwa nyingine ya kuipita. Wanawake walikuwemo. Kulikuwa na Lita, Trish Stratus, Victoria, Stacy Keibler. Lakini kuwachagua kulihesabiwa mzaha. Mvulana akimchukua Lita alitangaza kwanza kwamba anataka tu kumwonyesha mwenzake kuwa anaweza kumshinda hata kwa mwanamke. Msichana akimchukua Lita, benchi zima lilipiga kelele asipoteze pesa.

Kisha ikaja diski mpya kutoka Luthuli Avenue. Zama hizo hakuna aliyenunua gemu halisi. Bei yake ingemlisha mtu na jamaa zake mwezi mzima. Mafundi wa mjini walichomelea kijisaketi ndani ya PlayStation ili ikubali DVD za kuchoma, na DVD hizo ziliuzwa kwenye mifuko ya plastiki, jalada likiwa karatasi ya kuprintiwa. Nakala yetu ilikuwa ya Marekani, nayo Marekani ilitumia mfumo wa picha wa NTSC ilhali televisheni za Kenya zilitumia PAL. Televisheni isiyoielewa mifumo yote miwili inapokea picha na kupoteza rangi. Basi tulivyowaona mara ya kwanza, wanawake hao walikuwa weusi na weupe, kama filamu za zamani za KBC, na picha ikiruka. Hata hivyo hakuna aliyetaka diski itolewe. Mwenye gemu alipoleta televisheni nyingine siku kadhaa baadaye na nyekundu ya mavazi ya Reiko ikajaa chumba, mtu alisema kwa sauti: kumbe.

Rangi ilikuwa na uzito wake miaka ile. Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilikuwa zimeanza kutekelezwa. Mikanda, vidhibiti mwendo, abiria 14 na si mmoja zaidi, sare za makanga. Mambo ya maana, na maisha ya watu yaliokolewa. Lakini pia kila matatu ilitakiwa kuwa na ule mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafutwa. Magari ya namba 58 yaliyokuwa yakishuka Jogoo Road yakiwa na nyuso za wanamuziki, ndimi za moto na majina ya ukubwa wa mlango yakawa meupe na ya unyenyekevu. Sisi tuliokulia Eastlands tulilelewa na mbwembwe hizo. Tulijua tofauti ya gari lenye roho na gari la kubeba watu. Ndipo gemu ikatujia ambayo kila mtu ndani yake alikuwa amepakwa rangi kama matatu ya 2003.

Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaodhani mapenzi ya kilichozidi yaliletwa kwetu na mitambo ya kigeni. Hayakuletwa. Tulikuwa tukicheka hadi kulia na Vitimbi kwenye KBC, Mama Kayai akimfokea Mzee Ojwang' kwa mikono, macho na leso, bila kupunguza hata tone. Tulikuwa tukifuatilia michezo ya kuigiza ya Meksiko iliyotiwa Kiingereza, ambamo hakuna anayeingia chumbani bila kusimama mlangoni kwanza. Tulikuwa na muziki wa genge kutoka Calif Records, Nonini na Jua Cali wakijisifu mpaka kujisifu kwenyewe kukawa ndiyo sanaa. Na ukitaka ya zamani zaidi, shuka Mombasa. Miaka ya 1930 na 1940 vyama vya lelemama vya akina mama, Ibinaal Watan na Banu Saada vikiwa ndivyo vilivyosikika zaidi, vilishindana hadharani kwa ngoma, nyimbo za mafumbo na mavazi. Vilikuwa na vyeo, vilivaa sare zilizoiga za wanajeshi na mabaharia, vilitumia pesa ambazo waume zao hawakuzipenda zikitumika. Mwanamke aliyejivika nafsi nyingine akatoka mbele ya umati kumshinda mwenzake si mgeni katika pwani hii wala katika lugha hii.

Hadithi ya Rumble Roses ingewatosha watunzi wa michezo hiyo ya Meksiko. Reiko Hinomoto, binti wa mwanamieleka mashuhuri, anaingia mashindanoni na moyoni ana dada yake aliyepotea. Dada huyo, Fujiko, yumo humo humo ulingoni, amefutwa kumbukumbu na kuitwa Evil Rose. Nyuma ya kila kitu yuko nesi Anesthesia, anayewatazama wapiganaji wote kama vipuri. Mwalimu Miss Spencer yuko ulingo mmoja na Candy Cane, msichana wa roki asiyekubali kuambiwa. Kila mpiganaji ana simulizi yake, na simulizi zenyewe zinasemwa kwa uzito kamili. Hakuna anayekonyeza jicho kumwambia mtazamaji kwamba huu ni upuuzi. Dada anamlilia dada yake huku amevaa mavazi ya mieleka, na machozi ni machozi. Nadhani hapo ndipo ilipotushika. Mtaani kwetu pia watu waligombana kwa sauti ya juu, wakiwa wamevaa walichokuwa nacho, na walimaanisha.

Waliotengeneza ulingo wenyewe walikuwa mafundi. Konami walishirikiana na kampuni ya Yuke's, hiyo hiyo iliyokuwa ikitengeneza SmackDown. Ndiyo maana wavulana wa benchi, waliodharau jalada, walinyamaza baada ya dakika chache: miili ilikuwa na uzito, shingo ilipokamatwa ilionekana imekamatwa, na vidole vyao vilivyozoea SmackDown vilijikuta nyumbani. Msimamizi wa sauti alikuwa Akira Yamaoka, yule yule wa gemu za kutisha za Silent Hill. Kazi iliyofanywa vizuri haijifichi, hata ikivishwa matambara.

Na ilivishwa. Lazima niliseme hili bila kulizungusha, kwa kuwa ninaowaheshimu wamenikabili nalo. Gemu hii ilitengenezwa ili wanaume watazame. Kamera inakaa mahali ambapo haina kazi ya kukaa. Mavazi ni ya mtu asiyekusudia kupigana. Kuna pambano la kwenye matope, ambalo halina sababu ya kuwepo isipokuwa hiyo mnayoijua. Marekani ilipewa alama ya umri wa miaka 17 kwenda juu, na sisi kwenye benchi hatukuwa na umri huo. Leo nikiwa na watoto wangu nisingewaachia. Wapo wanaume waliokuwa wakiingia kibandani kwa ajili ya hilo tu, wakacheka kicheko chao, wakaondoka. Yote hayo ni kweli na sitaki yasahauliwe kwa kuwa mimi nina kumbukumbu tamu.

Ila kuna historia nyuma ya gemu hii ambayo wale wanaume hawakuijua, na mimi mwenyewe niliijua ukubwani. Mieleka ya wanawake Japani haikukua kwa macho ya wanaume. Chama kikubwa, All Japan Women's Pro-Wrestling, kilianzishwa 1968, na katika miaka ya 1980 waliojaza kumbi zake walikuwa wasichana wa shule. Walikwenda kwa maelfu kuwashangilia Chigusa Nagayo na Lioness Asuka, wawili walioitwa Crush Gals, ambao pia walirekodi nyimbo. Walikwenda kumzomea Dump Matsumoto, mnene, uso umepakwa rangi, mnyororo mkononi, adui aliyeipenda kazi yake. Agosti 1985, mjini Osaka, Nagayo na Matsumoto waliwekeana dau la nywele. Nagayo alishindwa, akanyolewa ulingoni, na wasichana ukumbini walilia kama waliofiwa. Chama hicho kilifungwa 2005, miezi michache tu baada ya Rumble Roses kuingia madukani Japani.

Ukiijua historia hiyo unaiona gemu kwa jicho jingine. Chini ya mavazi yale kuna mifupa ya sanaa iliyopendwa na wasichana: mabingwa wenye kiburi, maadui wenye fahari, undugu uliovunjika, heshima inayopiganiwa hadharani. Konami waliichukua mifupa hiyo wakaivika nyama ya kuwauzia wanaume. Na katika kibanda cha Mutindwa, bila kuelezwa na mtu, wasichana wanne au watano tuliokaa mwisho wa benchi tuliipokea mifupa.

Kilichotuingia zaidi ni ule mfumo wa nadhiri. Kabla ya pambano mpiganaji anaweza kula kiapo kwamba atashinda kwa namna fulani, na akikitimiza, wema au uovu wake unapanda kidogo. Ukiendelea, mwishowe ile nafsi ya pili inafunguka. Miss Spencer mwalimu anakuwa Mistress Spencer. Candy Cane mtukutu anakuwa Becky mchangamfu. Aigle wa nyika anakuwa Great Khan. Aisha anakuwa Sista A. Na nafsi mpya haiifuti ile ya kwanza. Zote mbili zinabaki kwenye orodha, unachagua unayoitaka leo.

Msichana wa Umoja mwaka 2005 alikuwa na nafsi moja aliyoruhusiwa. Alikuwa msichana mzuri: anafua, anasaidia, anafaulu mtihani, hapiti karibu na wanaume wa kona. Akiteleza mara moja alihesabiwa wa upande wa pili, na huko hakukuwa na njia ya kurudi. Mtaa ulikuwa na kumbukumbu ndefu na mdomo mpana. Halafu unakaa mbele ya kioo ambapo mwanamke anageuka kuwa adui kwa hiari yake, kwa kazi, kwa kiapo alichokula mwenyewe, na Jumamosi inayofuata anarudi kuwa steringi, na hakuna anayemkana. Sikuwa na maneno ya kulieleza hilo nikiwa mtoto. Nilijua tu kwamba nilitaka kuzifungua nafsi zote, na kwamba mwenye gemu alikuwa akinipa kadi ya memori bila kuniuliza ninakwenda kuhifadhi nini.

Benchi lilibadilika pia, polepole. Katika gemu hii mvulana hakuwa na mwanamume wa kumkimbilia. Akitaka kucheza, na walitaka, ilibidi achague mwanamke, ajifunze mapigo yake, amtetee akidharauliwa. Nakumbuka wavulana wakibwatukiana kuhusu Reiko na Dixie kwa ari ile ile waliyobwatukiana kuhusu Undertaker na Kane wa WWE. Hakuna aliyetangaza tena kwamba anafanya mzaha. Sidai kwamba walikua wanaume bora kwa ajili hiyo; wengine wao nawafahamu. Nasema kwamba kwa saa chache, katika chumba kimoja cha Eastlands, mwanamke kuwa na nguvu halikuwa jambo la kueleza.

Nje ya pazia, mwanamke mwenye nguvu alikuwapo pia, tena wa nyama na damu. Conjestina Achieng, mzaliwa wa Siaya, alikuwa magazetini na kwenye televisheni miaka hiyo hiyo. Aliandikwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutwaa taji la kimataifa la ndondi, na wavulana wa mtaa waliokunjiana ngumi waliambiana wasijifanye Conje. Eastlands ni nyumba ya ndondi za Kenya. Muulize yeyote kuhusu ukumbi wa Pal Pal, au Kaloleni, au Jericho. Lakini milango ya kumbi hizo haikuwa imezoea wasichana. Kariobangi ndiko kundi la Boxgirls lilikoanza kuwafundisha, wadogo kwa wakubwa, wakijifunza kusimama, kuchenga, kurudisha ngumi. London 2012, Michezo ya Olimpiki ilipowafungulia wanawake ulingo wa ndondi kwa mara ya kwanza, Kenya ilikuwa na Elizabeth Andiego. Gold Coast 2018, Christine Ongare alileta shaba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Na kuna Fatuma Zarika. Tarehe 1 Oktoba 2016, mjini Flint, Michigan, alimshinda Alicia Ashley na kutwaa mkanda wa WBC wa uzani wa super bantam. Akaja kuutetea hapa Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, Desemba 2017 na tena Machi 2019, kabla ya kuupoteza Meksiko mwishoni mwa mwaka huo. Zarika hakuwahi kuwa bondia wa kunyamaza. Alijisifu, alijipamba, alijiita kwa jina lake la ulingoni la Iron Fist, kisha akaingia kufanya kazi. Nilipomtazama nilihisi nimemjua zamani. Simaanishi kwamba gemu ilimzaa; Zarika alizaliwa na jasho lake. Namaanisha kwamba mimi, mtazamaji, nilikuwa tayari kumpokea akiwa hivyo alivyo, na mbwembwe zake zote, bila kumtaka kwanza apunguze sauti ndipo nimheshimu.

Ulimwengu wa mieleka nao ulisogea. Desemba 2004, mwezi mmoja baada ya gemu kutoka, Lita na Trish Stratus walifunga kipindi cha Raw kwa pambano lao, jambo ambalo WWE ilikuwa ikiwaachia wanaume. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliacha kuwaita wanawake wake Divas. Aprili 2019 Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey wakawa pambano la mwisho la WrestleMania. Siku hizi gemu za WWE zimejaa wanawake, wamechorwa kwa uaminifu, wanapigana kwa kanuni zile zile za wanaume. Nazicheza, nazishukuru. Hazinipi ile raha. Zimeogopa kuzidi. Ni kana kwamba ili mwanamke apewe uzito ilibidi avuliwe manyoya, nami siamini kwamba ilibidi. Dump Matsumoto alikuwa na uzito na mnyororo.

Konami walitoa Rumble Roses XX mwaka 2006 kwa ajili ya Xbox 360, mashine ambayo ilikuwa adimu sana mitaani kwetu, kisha wakaacha. Jina likahamia kwenye mashine za kamari za Japani. PlayStation 2 yenyewe iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kabla ya kuacha kutengenezwa, na zilizofika Eastlands zilifanya kazi kuliko zilivyokusudiwa: lenzi zimesafishwa kwa pamba na spiriti, mifuniko imekandamizwa kwa jiwe, waya za pedi zimefungwa kwa utepe wa gundi. Vibanda vipo bado, Umoja, Kayole, Komarock, vikiwa na mashine mpya na kandanda karibu saa zote. Vingine vimekuwa mahali pa kubetia. Ukitaka Rumble Roses leo unaiweka kwenye kompyuta, au hata simu yenye nguvu, kwa programu inayoiga PlayStation 2, na wanawake wanatokea safi kuliko tulivyowahi kuwaona, kila uzi wa nywele mahali pake. Gemu kama hii haina makumbusho. Inabaki kwa waliohifadhi nakala na wanaokumbuka vitufe.

Sisi wa mwisho wa benchi tunakumbuka. Mmoja wetu ni muuguzi, mmoja anauza nguo Gikomba, mmoja yuko Doha, na kila tukipata nafasi ya kuzungumza pamoja mazungumzo yanafika huko, na yakifika huko hayana amani. Wa Gikomba anashikilia kwamba Sista A ni bora kuliko Aisha, kwamba aliyemfungua ndiye aliyeicheza gemu kweli. Muuguzi hataki kusikia jina la Anesthesia kazini wala nyumbani, anasema ameharibiwa sura ya taaluma. Wa Doha alikuwa mtu wa Lady X, yule wa mitambo, na wote tunajua kwa nini: Lady X hakuhitaji ufundi, ukimshika ulikuwa umeshashinda nusu. Mimi ni wa Dixie Clemets. Mwema, mkubwa, kofia ya Texas, anakunyanyua kama gunia na kukuomba radhi kwa tabasamu. Nafsi yake ya pili, Sgt. Clemets, nilimfungua kwa juhudi nyingi, nikamtumia wiki moja, nikamrudisha. Wenzangu wanasema nilimwogopa. Si kweli. Nilimjaribu dhidi ya Lady X mara nyingi kuliko yeyote kati yao, na ninasema tena hapa, ichapishwe na wasome: Dixie wa kofia anamshinda, mradi aliyemshika asiwe na haraka ya kumwinua kabla ya kumchosha miguu.